Mashine ya Kukaushia Nguo Huchaguliwa Kwenye Boksi la Breka

Arusha ina miezi ambayo kamba ya kuanikia haimsaidii mtu. Kuanzia masika ya Machi hadi Mei, kisha katika baridi ya Juni na Julai ambapo mawingu hukaa juu ya Sakina, Ilboru na Ngaramtoni kutwa nzima, sare za shule zilizofuliwa Jumamosi hufika Jumatatu asubuhi zikiwa bado na unyevunyevu kwenye mikunjo ya kiuno. Ndiyo maana mashine ya kukaushia nguo, ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam huiona kuwa anasa tupu, huku kwetu ina watetezi wake. Malalamiko yanayofuatana nayo nayo yanafanana: mashine inawashwa, baada ya muda umeme wa nusu ya nyumba unazimika, mtu anakwenda kuinua breka, inakaa kidogo, inazimika tena. Hali hiyo ikiendelea, uamuzi unaofikiwa ni kwamba mashine imechoka na inunuliwe nyingine.

Mimi napinga uamuzi huo, au niseme napinga wakati wake. Breka inayokata imetoa taarifa kuhusu nyumba nzima, na mashine mpya yenye wati zile zile, ikichomekwa kwenye soketi ile ile, itapata jibu lile lile. Aliyekwenda dukani kabla ya kujua ni kitu gani kilichokuwa kinakata amenunua kwa kubahatisha, na vifaa hivi si vya bei ya kubahatisha.

Jambo la kwanza la kuangalia ni wakati. Breka ikikata papo hapo mashine inapowashwa, mara nyingi kuna nyaya zilizogusana ndani ya mashine, kwenye plagi au ukutani, na hapo hakuna mjadala: plagi ichomolewe na fundi aitwe. Ikikata baada ya robo saa au zaidi, wakati mashine imekwisha kushika moto na vyombo vingine vimewashwa, huo kwa kawaida ni mzigo uliozidi, au ni skrubu iliyolegea kwenye soketi au kwenye breka yenyewe inayozalisha joto lisilotakiwa. Na kama kinachoshuka si breka ndogo ya soketi bali ile pana yenye kitufe cha herufi T, ambayo mafundi huiita kwa herufi zake tatu, RCD, basi umeme unavuja kwenda ardhini, na hilo halihusiani na ukubwa wa mzigo hata kidogo.

Hesabu ya mzigo ni rahisi, nami nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoifanya. Tuchukue nyumba ya Njiro ambayo soketi za jikoni na za sehemu ya kufulia zimefungwa kwenye laini moja yenye breka ya ampea 20. Umeme wetu ni wa volti 230, hivyo mashine ya kukaushia ya wati 2,500 inavuta karibu ampea 11, na mashine ya kufulia inapopasha maji kwa wati 2,000 inavuta karibu 9. Hizo mbili, ambazo kwa kawaida hufanya kazi pamoja kwa sababu nguo za awamu ya pili zinafuliwa wakati za kwanza zinakauka, zimekwisha kufika 20. Jagi la umeme la wati 1,800 likiwashwa kwa ajili ya chai, laini inabeba zaidi ya ampea 27. Breka haikati hapo hapo, kwa kuwa ndani yake kuna kipande cha metali mbili zilizounganishwa ambacho hupinda polepole kadiri kinavyopata joto, na ziada ya kiasi hicho inaweza kuvumiliwa kwa dakika kadhaa, wakati mwingine nyingi. Mwishowe umeme unakatika, na kwa kuwa mashine ya kukaushia ndiyo iliyokuwa ikinguruma muda wote, ndiyo inayobebeshwa lawama.

Hapo ndipo hutolewa ushauri ambao ningependa kuona umekoma: "Mama, tuweke ya 32 tu hapa, haitakusumbua tena." Ni kweli haitasumbua. Breka imewekwa kulinda waya uliomo ukutani na juu ya dari, na waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba uliopita ndani ya bomba haukukusudiwa kubeba ampea 32 kwa muda mrefu, isipokuwa pale ambapo laini imezungushwa kwa mtindo wa Waingereza, ikitoka kwenye boksi, ikapita soketi zote na kurudi kwenye boksi, na hata hapo ni lazima kuthibitisha kwamba mzunguko huo haujakatika mahali. Ukiweka breka kubwa kwenye waya mwembamba, kitakachopata joto ni waya wenyewe, mahali ambapo hakuna mtu anayeuona, juu ya dari za jipsamu na mbao tunazozipenda sana siku hizi. Fundi anayependekeza breka kubwa bila kwanza kutazama unene wa waya hafai kupewa kazi hiyo, na mwenye nyumba ana haki ya kumwomba aonyeshe leseni yake ya EWURA bila kuonekana mkorofi.

Umeme unaovuja una habari nyingine. RCD ya majumbani hukata pale uvujaji unapokaribia au kufikia miliampea 30, kiasi kidogo mno, na kinaweza kupatikana kwa kujumlisha vitu vitatu au vinne vyenye uvujaji mdogo mdogo: friji ya zamani, pampu ya kisima iliyoingia maji, taa ya nje iliyonyeshewa. Mashine ya kukaushia huongeza lake. Katika mashine nyingi, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, elementi ya joto ni waya uliofungwa ndani ya bomba la chuma lililojazwa unga wa magnesiamu oksaidi, na unga huo hunywa unyevu bomba likipata ufa au mwisho wake ukichoka. Mashine iliyokaa bila kazi tangu jua la Januari na Februari, kisha ikawashwa masika yalipoanza, ni mshukiwa mkubwa. Mashine nyingi zina programu ya hewa baridi, isiyowasha elementi. Ikiwa kwa hewa baridi inazunguka vizuri bila kuangusha RCD, na kwa joto inaangusha, elementi ndiyo ya kuangaliwa kwanza, na kubadilisha elementi ni sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya. Ikiwa mashine imechomolewa kabisa na RCD bado inaanguka, basi mashine haina kosa, na wa kutafutwa yumo kwingine nyumbani. Namsihi mtu yeyote asiiondoe RCD kwa sababu inaudhi. Ndiyo inayomwokoa mtoto anayeshika mlango wa mashine akiwa miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji.

Tuseme sasa uchunguzi umefanyika, mashine ya zamani imethibitika kuwa imekufa, na laini ya kufulia haina nafasi ya mzigo mkubwa. Ninunue ipi? Maoni yangu ni kwamba kwa nyumba nyingi za hapa jibu ni mashine ya pampu ya joto, na sababu yake ya kwanza ni ampea. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji karibu uniti 0.63 za umeme, na hakuna jina la kampuni linaloweza kupunguza kiasi hicho. Mashine za kawaida, iwe ile inayotoa hewa ya moto nje kwa bomba au ile ya kondensa inayokusanya maji kwenye tangi, hutoa joto hilo lote kwenye elementi na kulipoteza. Mashine ya pampu ya joto ina kompresa kama ya friji: hewa yenye unyevu hupozwa ili maji yadondoke, kisha joto lililochukuliwa kwake hurudishwa kwenye hewa ile ile kabla haijaingia tena kwenye nguo. Kwa hiyo wati 2,000 hadi 2,700 za mashine ya elementi zinashuka hadi wati 600 au 1,000, yaani ampea tatu hadi nne na nusu. Laini iliyokuwa inakata kwa mzigo inapumua, na hata jenereta ndogo au inveta ya sola inaweza kuiendesha, jambo lisilowezekana kwa elementi.

Kwenye LUKU tofauti inaonekana pia. Mzigo kamili wa kilo 8 hula uniti nne hadi tano kwenye mashine ya elementi, na takriban mbili kwenye ya pampu ya joto. Kwa mteja aliyevuka kundi la uniti 75 kwa mwezi, anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kati ya shilingi 1,400 na 1,800 kwa mzigo mmoja, dhidi ya 700 hivi. Familia inayokausha mara tatu kwa wiki itaziona pesa hizo, ingawa sitadai kwamba zitarudisha haraka tofauti ya bei ya kununulia, kwa sababu mashine za pampu ya joto ni ghali zaidi.

Zina kasoro zake, na muuzaji hatazitaja. Mzigo mmoja unaweza kuchukua saa mbili hadi tatu. Chujio zake zisiposafishwa, vumbi la nyuzi hukaa kwenye mapezi ya kupozea na mashine hudhoofika. Ikibebwa kwa gari kutoka mjini hadi Usa River ikiwa imelazwa ubavu, ni lazima isimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Kasoro kubwa zaidi kwa mazingira yetu ni volti. Sehemu zenye transfoma iliyoelemewa, jioni volti hushuka chini ya 200, na elementi ikipata volti 200 badala ya 230 hutoa robo tatu tu ya joto lake, nguo zinachelewa na yakaishia hapo. Kompresa haivumilii hivyo: volti zikishuka huvuta ampea nyingi zaidi, hupata joto, na umeme ukikatika na kurudi papo hapo huhangaika kuanza ikiwa na shinikizo ndani. Kwa hiyo anayenunua mashine hii anunue pamoja nayo kifaa cha kulinda friji, kile kinachokata volti zikishuka au kupanda mno na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme, na ahakikishe kinaweza kubeba ampea za mashine yake.

Pamoja na hayo yote, bado ningetaka mashine iwe na laini yake peke yake: waya wa milimita 2.5 za mraba unaotoka kwenye boksi moja kwa moja, wenye alama ya TBS, breka ya ampea 16, RCD, na ethi iliyopimwa. Ekstensheni isitumike kabisa. Kazi hiyo humalizwa kwa siku moja katika nyumba ya kawaida, na mwenye uwezo wa kuifanya halafu akabaki na mashine ya elementi hajakosea, hasa kama ana watoto wengi na hawezi kusubiri saa tatu kwa kila mzigo.

Nyumba ya watu wawili au watatu, kwa maoni yangu, haihitaji kununua mashine nyingine. Inahitaji mashine ya kufulia inayokamua vizuri. Kilo tano za nguo za pamba zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika hubaki na karibu lita tatu na nusu za maji, na zikikamuliwa kwa mizunguko 1,400 hubaki na lita mbili na nusu hivi. Lita hiyo moja ikiondolewa kwa kukamuliwa haihitaji kuondolewa kwa joto, na nguo za namna hiyo hukauka chini ya veranda yenye upepo hata mwezi Julai, mradi za ndani zipigwe pasi ili kuua mayai ya wale nzi wanaotaga kwenye nguo mbichi. Mashine zinazofua na kukausha kwa pamoja sizipendi hata kidogo: hukausha takriban nusu tu ya kilo zinazofua, na nyingi hutumia maji ya bomba kupoza mvuke, jambo la ajabu kwa mji wenye mgao wa maji.

Limebaki suala la mashine zilizotumika. Tangu enzi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofunga kazi zake hapa mwishoni mwa mwaka 2015, wageni wanaomaliza mikataba wamekuwa wakiuza vyombo vyao, na vingine ni vizuri kweli. Kabla ya kuuliza bei, fungua mlango wa mashine usome bati dogo lililobandikwa kwenye fremu. Likiandikwa 60 Hz, na plagi ina pini nne za ampea 30, hiyo ni ya Marekani: elementi yake inataka volti 240, lakini mota yake inataka 120, ambazo nyumba zetu hazina, na kwa umeme wetu wa 50 Hz mota hiyo ingezunguka polepole kwa moja ya sita hata kama zingepatikana. Likiandikwa 230 V na 50 Hz, omba iwashwe kwa joto kamili kwa nusu saa ikiwa na nguo mbichi ndani, kisha zima swichi ya ukutani, chomoa plagi na uishike. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa haishikiki kwa moto, au pini zake zimegeuka rangi ya kahawia, muulize mwenye mashine breka yake ni ya ampea ngapi na imebadilishwa lini.