Kwetu tunauza pomboo, kwao wanauza safari

Nimezaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, nimekulia nikisikia bahari usiku kucha, na hadi natimiza miaka thelathini na nne sikuwahi kupanda chombo kwa ajili ya kutazama ndege. Ningekwenda na nani? Kwetu mtu akiingia baharini ama anavua, ama anavuka, ama ni mgeni.

Nilipanda Uingereza, mwaka 2019. Naishi Newcastle, na mwendo wa zaidi ya saa moja kwenda kaskazini kuna mji mdogo wa pwani, Seahouses, ambako boti hupeleka watu Visiwa vya Farne. Ilikuwa Juni, wanasema ndiyo kiangazi, nami nimevaa masweta mawili. Abiria wenzangu walikuwa mabibi wenye chupa za chai na watoto wenye darubini shingoni. Wenyeji watupu. Mgeni nilikuwa mimi peke yangu.

Pafini wako kule kwa makumi ya maelfu: ndege wafupi, vifua vyeupe, midomo ya rangi kama imepakwa kwa ajili ya harusi, wanazaa ndani ya mashimo ardhini. Tukashuka kisiwani. Tulikuwa tumeambiwa tuvae kofia, na sikuelewa hadi buabua, ndege wa baharini, aliponidonoa utosini mara tatu. Njia ya watu inapita kando ya viota vyao, na mtunza kisiwa hakuwafukuza hata kidogo. Alituambia tutembee taratibu na tuangalie tunapokanyaga. Buabua hao wadogo, wakimaliza kulea, huruka hadi upande wa Antaktika. Mmoja aliyefungwa kifaa hapo Farne alisafiri kilomita 96,000 kwenda na kurudi, akapita Rasi ya Tumaini Jema na kuingia bahari yetu ya Hindi. Nikamsamehe yule wangu.

Lakini kilichonichoma ni sili, wale wanyama wa baharini wanaopanda majabali kupumzika. Walikuwa wamelala juu ya majabali, nahodha akapunguza mashine, boti ikasogea kidogo na kusimama. Wakatutazama. Kisha wakaendelea kulala.

Nasema kilinichoma kwa sababu najua Kizimkazi ilivyo, kijiji cha kusini mwa Unguja wanakopelekwa wageni kutazama pomboo. Nilipokwenda likizo nilipanda boti pale alfajiri, na kundi moja la pomboo lilikuwa limezungukwa na boti zisizopungua kumi. Pomboo wakizama huku, mashine zote zinanguruma kwenda kule wanakotarajiwa kuibuka, na wageni wanarushwa majini kama mizigo. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa pale waliona jambo ambalo mvuvi yeyote angekwambia bure: boti zikiwepo, mnyama hapumziki, kazi yake inakuwa kukimbia.

Msije mkadhani nimerudi na mate ya Wazungu mdomoni. Hao hao walikuwa na ndege mkubwa asiyeruka, jamaa ya pafini. Wakamla, wakamnyonyoa manyoya, na wawili wa mwisho wanaojulikana waliuawa Iceland mwaka 1844. Heshima yao imekuja baada ya msiba. Sisi Kizimkazi tulikuwa tukimuua pomboo kwa chambo cha papa hadi miaka ya 1990, na tukaacha. Hatua hiyo si ndogo, wala hatukuhitaji kummaliza kwanza.

Ninachokataa ni hii biashara ya kuahidi. Nahodha niliyepanda naye Kizimkazi ni mtu niliyesoma naye chuo cha Kurani, tukichapwa bakora moja. Nilimuuliza kwa nini anamkimbiza mnyama hivyo, na akanijibu bila kuona haya: "Mgeni kaambiwa hotelini ataogelea na pomboo. Asipoogelea naye, bakhshishi sina." Hoteli imeshachukua chake, papasi, yule dalali wa wageni, kachukua chake, yeye amebaki na petroli ya kulipia. Mimi ningekimbiza vilevile. Miongozo ya kuwakaribia pomboo ipo, lakini haimlishi mtu.

Kule Farne hakuna aliyeniahidi kitu. Mafua ya ndege yalipoingia mwaka 2022 kisiwa kilifungwa, na mwaka 2023 nikalipa kwenda kuzunguka tu, bila kukanyaga nchi kavu. Boti ilijaa, kwa sababu walichokuwa wakiuza ni bahari yenyewe pamoja na maneno ya anayeijua.

Na maneno tunayo! Tukirudi siku ile ya Kizimkazi, nahodha wangu alizima mashine, akanionesha ndege wakipiga mbizi mbali: "Chini yao kuna jodari, hao ndio ramani yetu." Akanisimulia Fungu Mbaraka, kile kisiwa cha mawe kusini-mashariki mwa Unguja, hakina mti wala kivuli, na ndege wanazaa chini kwa wingi hata hujui uweke mguu wapi. Aliongea karibu robo saa. Wageni wanne waliokaa mbele hawakuambulia neno, maana mtembezaji alikuwa anachezea simu. Kule Farne robo saa hiyo ndiyo ingekuwa safari yenyewe.

Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, wamejaribu njia nyingine: wavuvi wa zamani ndio walinzi wa kisiwa, na watoto wa skuli wanapelekwa kukiona. Mimi sikubahatika.

Nilimweleza nahodha habari za buabua wa Farne, kwamba mtu analipa paundi zake, anapanda boti kwenye baridi, anadonolewa kichwa, na mwakani anarudi. Alicheka hadi akaachia usukani. Kisha akanyamaza, akapiga hesabu zake, akaniuliza: "Na hizo kofia, wanakuja nazo au mnawauzia nyinyi?"