Hipnosi: tumwogope nani?

Mwaka 2011 walifariki wanafunzi watatu wa sekondari ya North Port, Florida. Wote waliwahi kufanyiwa hipnosi, yaani kuingizwa kwa maneno katika hali ya utulivu na umakini mkubwa ambamo mtu hupokea kwa urahisi anayoambiwa, na mkuu wao wa shule, eti kuwapunguzia woga wa mitihani na kuwaongezea umakini michezoni. Wawili walijiua. Wa tatu alipata ajali akiendesha gari, na inasemekana alikuwa amejiingiza mwenyewe katika hali ile aliyofundishwa. Mkuu hakuwa na leseni, tena alikwisha kuonywa aache. Mwaka 2015 bodi ya shule ilikubali kuilipa kila familia dola 200,000, ingawa hakuna mahakama iliyothibitisha kwamba hipnosi ndiyo iliyowaua.

Sasa nenda Liège, Ubelgiji. Tangu 1992 hospitali ya chuo kikuu huko imewapasua maelfu ya wagonjwa, wakiwemo wa tezi la shingo, kwa hipnosi, ganzi ya sehemu husika na dawa kidogo ya kutuliza, bila nusu kaputi. Kwa kawaida madhara ya hipnosi ni kuumwa kichwa, kizunguzungu au usingizi, na hupita upesi.

Kwa hiyo wanaosema hipnosi ni salama hawadanganyi. Ila wanasahau kwamba Liège anayeiongoza ni daktari wa usingizi, mgonjwa amepimwa, na mashine ziko pembeni. Mwalimu angemjuaje kijana mwenye sonona, au anayesikia sauti zisizokuwepo? Watu wa namna hiyo ndio wanaoweza kudhurika.

Binafsi, kinachonitia hofu zaidi ni hipnosi ya kufukua kumbukumbu. Tangu 1985 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitahadharisha kwamba kumbukumbu za aina hiyo huaminika kidogo kuliko za kawaida. Ubaya ni kwamba mwenyewe huzidi kuziamini, hata zikiwa za kubuni, na anaweza kumshutumu mzazi kwa jambo ambalo halikutokea. Hapo hata mtaalamu mwenye cheti huweza kukosea, kwa swali moja tu lenye jibu ndani yake.

Kujifanyia mwenyewe? Rekodi ya sauti ya kukutuliza kitandani sina ugomvi nayo. Ukitaka kuacha, unafumbua macho tu. Kwenye usukani, hapana. Na rekodi inayokuahidi kukurudisha utotoni ukatafute chanzo cha matatizo yako, ifute.