Kemia ya hesabu ianzie kwenye mizani

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anakutajia bila kusita kwamba moli moja ina chembe 6.02 × 10²³. Muulize kilo mia za jiwe la chokaa zikichomwa zinabaki kilo ngapi, ananyamaza. Nimefundisha kemia hapa Mbeya kwa muda mrefu, na kila mwaka naona vijana wenye akili nzuri wakiichukia mada hii ya moli ndani ya wiki ya kwanza. Sikubali kwamba hesabu ndiyo inayowashinda. Vijana hao hao wanasaidia wazazi wao kuuza viazi na wanapiga hesabu za faida kichwani. Tatizo ni kwamba wanapewa namba kubwa kuliko zote duniani kabla hawajapima kitu chochote.

Na vya kupima tunavyo. Tokeni mjini mwelekee Songwe, kwenye kiwanda cha saruji. Lile bonde lina mawe ya chokaa, na chokaa inachomwa huko. Jiwe hilo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Joto likifika kama nyuzi 900 linagawanyika: kalsiamu oksaidi inabaki tanuruni, kabonidayoksaidi inapaa. Kwa uzito wa atomi, kalsiamu ni 40, kaboni ni 12, oksijeni tatu ni 48, jumla 100. Kinachobaki ni 56, kilichopaa ni 44. Kwa hiyo kilo 100 za jiwe safi zinakupa kilo 56 za chokaa, basi. Bonge linatoka tanuruni na umbo lake lilelile, lakini likishapoa ukalinyanyua unashangaa wepesi wake. Karibu nusu ya uzito wake imeondoka na hewa, na macho hayakuona kitu.

Limwagie maji sasa, ukiwa umesimama mbali. Linafoka, linatoa mvuke, linapasuka na kuwa unga mweupe. Kilo 56 zimeshika kilo 18 za maji, unga una kilo 74. (Maji utakayomwaga ni mengi zaidi, maana mengine yanaishia mvuke kwa lile joto.) Paka unga huo ukutani, na taratibu, kwa wiki na miezi, utavuta kabonidayoksaidi kutoka hewani: kilo 74 zinachukua kilo 44, zinarudi kuwa kilo 100 za jiwe na kuziachia zile kilo 18 za maji. Hakuna kilo iliyopotea njiani. Mtoto akiifuata safari hiyo mpaka mwisho, kusawazisha mlinganyo hakutakuwa tena mchezo wa kubandika namba mbele ya herufi. Ataona ni daftari la mali iliyoingia na iliyotoka. Hata tofauti ya badiliko la kiumbo na la kikemikali itamkaa: ukiliponda jiwe kwa nyundo, kilo 100 zinabaki kilo 100 za kitu kilekile.

Kemia yenyewe ilipita njia hiyo. Joseph Black, daktari wa Uskochi, alichapisha mwaka 1756 majaribio yake juu ya magnesia (unga mweupe wenye magnesiamu) na chokaa. Alipima kabla ya kuchoma, akapima baada ya kuchoma, akaonyesha kwamba uzito uliopungua ni wa hewa iliyotoka. Lavoisier, mkemia wa Ufaransa, naye aliishika mizani hivyohivyo. Wazo la Avogadro, kwamba ujazo sawa wa gesi katika hali sawa una chembe sawa kwa idadi, lilikuja mwaka 1811, na ile 6.02 × 10²³ tunayoiita kwa jina lake ilipatikana baadaye sana. Sisi tunamrusha mtoto moja kwa moja mpaka mwisho wa hadithi.

Moli inakuja kirahisi baada ya hapo. Muuza maharage wa Mwanjelwa hahesabu punje, anapima kilo. Lakini ukijua uzito wa punje mia, kilo zake zinakwambia punje ni ngapi. Moli ni hesabu ya aina hiyo kwa vitu visivyoonekana.

Kuna sababu nyingine ya kutanguliza gramu, na hii inatuhusu sisi wa nyanda za juu. Vitabu vinasema moli moja ya gesi katika joto la kawaida la chumba inachukua lita 24. Hiyo ni kwa kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya usawa wa bahari. Jiji letu liko kama mita 1,700 juu yake, na kanieneo ya hewa hapa ni karibu asilimia 80 tu ya ile ya Dar es Salaam. Moli hiyohiyo, hapa Mbeya, inachukua karibu lita 29. Mwanafunzi atakayekusanya gesi na kupata zaidi ya kitabu ataambiwa amekosea, kumbe amepima sawasawa. Gramu 44 za kabonidayoksaidi, kwa upande wake, ni 44 Kyela ziwani na 44 Makete kwenye baridi.

Halafu kuna mbolea. Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Iringa anasimama kwenye duka la pembejeo mbele ya mifuko ya urea na SA (salfeti ya amonia), yote ya kilo 50, bei tofauti. Urea ina uzito wa molekyuli 60, na 28 kati yake ni naitrojeni: asilimia 46 na kitu, yaani kama kilo 23 kwenye mfuko. SA ni 132, naitrojeni ni 28 ileile: asilimia 21, yaani kilo 10 na nusu. Mfuko mmoja wa urea una naitrojeni kuzidi mifuko miwili ya SA. Kijana anayejua hilo anaweza kugawa bei kwa kilo za naitrojeni na kumwambia baba yake ipi ni nafuu. Anaweza pia kumwonya asiiache urea juu ya udongo, kwa sababu inageuka amonia na kupaa, na pesa inapaa nayo. Nakasirika kabisa nikifikiri watoto wa wakulima wanamaliza kidato cha nne bila kufanya hesabu hii hata mara moja.

Walimu wenzangu hunijibu kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani hauulizi Songwe. Najua. Lakini mtihani unauliza uzito wa kinachozalishwa, na aliyewahi kuuona ukipungua kwenye mizani hatakwama.

Vipindi viwili vinatosha kuanza. Weka gramu 17 za soda ya kupikia kwenye kikombe, robo lita ya siki ya asilimia 5 kwenye beseni, pima vyote pamoja. Changanya kidogo kidogo mpaka povu liishe, pima tena. Hesabu inadai gramu 9 hivi ziwe zimeondoka. Mizani ya kidijitali ya jikoni itaonyesha karibu na hapo, pungufu kidogo kwa sababu gesi nyingine inabaki kwenye maji. Waache wabishane hiyo pungufu imekwenda wapi. Shule nyingi hazina mizani ya kutosha, na iliyopo hufungiwa kabatini isije ikaharibika. Hilo naliomba kwa wazazi na bodi za shule: kikao kijacho kikikaa kupanga michango, mizani kumi za jikoni ziingie kwenye orodha kabla ya rangi ya geti.