Macbeth wa Jukwaani na Macbeth wa Moray

Ukimtaja Macbeth, wengi humkumbuka yule wa Shakespeare, ambaye S. S. Mushi alitutafsiria kwa Kiswahili mwaka 1968: mwenyeji anayemchoma kisu mgeni wake, mfalme mzee Duncan, usiku akiwa amelala. Macbeth halisi, mfalme wa Waskoti, hakufanya hivyo. Duncan alikuwa bado kijana, na aliuawa vitani karibu na Elgin mwaka 1040, baada ya kupeleka jeshi Moray, kaskazini mwa Scotland, kwa Macbeth mwenyewe. Macbeth akatawala miaka 17. Mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma, akawamwagia maskini fedha. Mtu anayeogopa kupinduliwa hathubutu kuacha kiti na kwenda mbali hivyo.

Wanaomtetea Shakespeare wana hoja nzito. Tamthilia si kitabu cha historia, na bila yeye huyo Macbeth angejulikana na nani? Lulach, mwanawe wa kambo, alimrithi mwaka 1057. Leo nani anamtaja? Isitoshe, uongo mwingi Shakespeare aliukuta tayari kwa mwandishi wa historia Holinshed, naye Holinshed aliutoa kwa Hector Boece, mwanahistoria Mskoti. Kwa hilo simlaumu.

Ila kwa Banquo, jemadari mwenzake Macbeth kwenye tamthilia, namkamata. Huyu ni mtu wa kubuni, aliyeingizwa kwenye historia na Boece mwaka 1527 awe babu wa ukoo wa Stuart. Kwa Holinshed, Banquo anaijua njama na anamuunga mkono Macbeth. Jukwaani ametakaswa, hana hatia hata chembe. Kwa nini? James, mfalme wa Scotland wa ukoo huohuo, alikuwa ametwaa kiti cha Uingereza mwaka 1603, na ndiye mlezi wa kundi la waigizaji la Shakespeare. Mkono unaokulisha huung'ati, sawa, lakini tusiite kujipendekeza huko uhuru wa msanii.

Aliyeonewa zaidi, kwa maoni yangu, ni mke wa Macbeth. Gruoch alikuwa na damu ya kifalme. Mumewe wa kwanza alichomwa moto pamoja na watu wake mwaka 1032, akamwachia Lulach. Yeye na Macbeth waliwapa watawa wa Loch Leven ardhi. Kwenye tamthilia hana hata jina. Anasema amewahi kunyonyesha, lakini mtoto haonekani popote. Angeonekana, ingebidi tuulize kiti kilikuwa haki ya nani, na Malcolm, mwana wa Duncan, anayeingia mwishoni kama mkombozi, ndiye aliyemuua Lulach mwaka 1058.