Bajaji ya umeme, mita ya nani?

Ukikaa na kikokotoo tu, Dar es Salaam ni jiji lililotengenezewa chombo kidogo cha umeme. Ukiacha vilima vya Kimara na Mbezi, sehemu kubwa ni tambarare. Kimara hadi Posta ni kama kilomita 15, na asubuhi ya kazi mwendo wenyewe ni wa kujikokota. Wuling Hongguang Mini EV, kigari cha Kichina cha milango miwili kilichoingia sokoni mwaka 2020, hakifiki urefu wa mita tatu. Toleo lake dogo lina betri ya uniti 9 na kidogo, na kiwanda kilikipa masafa ya kilomita 120. Punguza theluthi nzima kwa ajili ya joto, kiyoyozi na chumvi ya muuzaji, zinabaki 80. Mtu wa Kimara anakwenda kazini, anarudi, anapitia sokoni, na betri haijaisha hata nusu.

Foleni nayo, kwa mara moja, inakuwa rafiki. Injini ya petroli iliyosimama Mwenge dakika ishirini inaendelea kunywa mafuta bila kumpeleka mtu popote. Mota ya umeme ikisimama haitumii kitu, na ukikanyaga breki inarudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Kinachokula ni kiyoyozi tu: saa moja ya kukiwasha kwenye joto la Februari inaweza kuondoka na uniti moja hivi. Kwenye betri ya uniti 9 hiyo si hasara ndogo, lakini haitakuacha barabarani.

Tuje kwenye pesa, na hapa nitamwacha mwenye kigari nimchukue dereva wa bajaji, kwa sababu yeye ndiye anayezunguka kutwa. Tuseme anakwenda kilomita 100 kwa siku. Bajaji ya petroli mjini, kwa kilomita 25 kwa lita, itakunywa lita 4. Bei ya petroli inayotangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, inapanda na kushuka kila mwezi, na mwaka 2022 ilivuka shilingi 3,000. Tuishike hiyo 3,000, tunapata 12,000. Bajaji ya umeme tuipe uniti 8 kutoka kwenye soketi. Uniti ya mteja wa kawaida ni shilingi 292, na ukiongeza VAT, makato ya REA ya umeme vijijini na tozo ya EWURA inagonga kama 356. Jumla haifiki 2,900. Kila siku kuna shilingi 9,000 zinabaki mfukoni, na kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya laki mbili. Kwa mtu anayepeleka hesabu, yaani malipo ya siku, kwa bosi mwenye bajaji kila jioni, laki mbili kwa mwezi ni kodi ya chumba na chenji ya ada.

Mpaka hapo upande wa umeme umeshinda. Tatizo ni hiyo soketi.

Dereva huyu anaishi wapi? Mara nyingi ni chumba na sebule Tabata, Mbagala au Manzese, nyumba ya wapangaji watano au sita wanaochangia mita moja ya LUKU. Kwenye nyumba hizo pasi peke yake inazua ugomvi. Mwenye jokofu anahesabiwa tofauti, na anayepika kwa umeme anasemwa uani. Sasa mpangaji mmoja achomeke bajaji kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Uniti zake 208 kwa mwezi zinaweza kuzidi matumizi ya nyumba nzima. Kuna na la pili ambalo wauzaji hawalitaji: wateja wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wananunua umeme kwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Kaya iliyokuwa ndani ya kundi hilo ikianza kuchaji chombo inatoka. Dereva ataokoa kwenye petroli, lakini jirani yake mwenye taa mbili na redio, kama wanatumia mita moja, atalipishwa bei mpya bila kupanda hiyo bajaji hata siku moja. Mwenye nyumba akikataa, sioni wa kumlaumu.

Ndiyo maana mjadala wa masafa naona unachukua nafasi kubwa kuliko stahili yake. Kwa Dar masafa yanatosha. Kinachopungua ni mahali pa kulala chombo penye mita inayojitegemea: uwanja wa bosi mwenye bajaji kumi, kijiwe chenye soketi zake, au kituo cha kubadilishia betri kama wanavyofanya bodaboda wa Kigali na Nairobi, ambako dereva anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa na kuondoka. Mfumo huo unamwondoa mwenye nyumba kwenye hesabu kabisa. Unahitaji mtaji mzito na betri za aina moja, na Dar bado kila muingizaji analeta za kwake.

Umeme wenyewe je, upo? Bwawa la Nyerere kule Rufiji limesanifiwa kutoa megawati 2,115, na mgao uliotutesa mwaka 2023 ulipungua mitambo yake ilipoanza kuwashwa mwaka 2024. Kwa hiyo hoja ya "nchi haina umeme" imepoteza nguvu. Iliyobaki ni ya mtaani: transfoma imezidiwa, nguzo imeanguka, mvua imenyesha. Aliyekosa umeme usiku mmoja anakosa mapato ya kesho yake, wakati mwenzake wa petroli anapita sheli na kuendelea.

Mwenye kigari binafsi hesabu yake ni nyembamba zaidi. Anayekwenda kilomita 30 kwa siku anaokoa kidogo, na Toyota Vitz yake ya petroli spea zinapatikana kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani kabla ya saa sita. Nissan Leaf kuukuu inavutia kwa bei, ila betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, na betri za hivyo huchoka haraka kwenye joto. Ukiinunua bila kuangalia afya ya betri umenunua bodi. Tena gari la umeme kwenye foleni bado ni gari kwenye foleni. Barabara haipungui msongamano kwa sababu moshi umeondoka.

Ushindani wa kweli unatoka kwenye gesi asilia ya magari (CNG). Inauzwa kwa kilo, inapunguza gharama ya mafuta karibu nusu, na fundi anaifunga kwenye chombo kile kile ulichonacho. Dosari yake ni foleni za vituoni, ambazo dereva analipia kwa saa za kazi. Kama vituo vitaongezeka haraka kuliko soketi za kijiweni, umeme utachelewa sana mjini hapa. Na masika yakija, bonde la Jangwani likijaa maji, mwenye betri ya bei rahisi chini ya kiti atamwonea wivu hata mwenye petroli.

Pamoja na hayo, kwa bajaji naegemea umeme, kwa sharti moja linalohusu mkataba. Madereva wengi wanachukua chombo kwa mkataba: wanapeleka hesabu kila siku kwa mwaka mmoja na nusu hivi, kisha kinakuwa chao. Betri za risasi na asidi, zile za bei nafuu, zinavumilia kuchajiwa mara 300 hadi 500 zikimalizwa kila siku. Piga hesabu: zinakufa karibu na siku ile dereva anapokabidhiwa kadi ya umiliki. Bosi amekula miezi mizuri, dereva anarithi mzigo wa kununua betri. Betri za lithiamu za fosfeti ya chuma zinavuka mara 2,000, ni ghali, na tofauti hiyo ya bei ndiyo bosi anayoikwepa. Kabla dereva hajatia saini, mkataba uandike ni betri ya aina gani, na ikifa kabla ya hesabu kuisha, nani anaibadilisha.