Kabla ya Kumwambia Mwenye Kiuno Akaogelee

Ukilalamika kiuno Mombasa, dawa hazichelewi. Mmoja atakwambia ulale chini kwenye mkeka, mwingine atakutajia mafuta ya kuchua, na wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mwenye sauti kubwa, atakutuma baharini. "Nenda kaogelee, mwanangu, maji ya chumvi yanatoa kila kitu." Huyu wa tatu ndiye ninayetaka kubishana naye, kwa heshima zote, kwa sababu ameshika nusu ya ukweli. Nusu aliyoiacha ndiyo inayowarudisha watu nyumbani wakitembea wameinama kuliko walivyoondoka.

Nusu aliyoishika nakubaliana nayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na mwongozo wake wa 2023 kwa maumivu ya muda mrefu unapendekeza mazoezi. Haupendekezi mikanda ya kiuno, habari mbaya kwa wanaoiuza. Maji nayo yana neema yake: ukisimama yakakufika kiunoni, karibu nusu ya uzito wako umebebwa, yakifika kifuani, mgongo unabaki na takriban theluthi moja tu. Mtu ambaye nchi kavu hawezi kupiga hatua bila kukunja uso, humo ndani anatembea.

Lakini kutembea majini ni jambo moja, kuogelea ni jingine, na kuogelea tunakokujua wengi wetu hapa pwani ni kwa kichwa juu. Tumefunzwa na kaka na binamu, si na mwalimu. Hatukuwa na miwani ya kuogelea, chumvi inachoma macho, wimbi linakuja na unataka kuliona, na isitoshe lazima ujue mwenzako hajakujia kwa chini akakuvuta mguu. Nenda ufuo wa Pirates Jumapili yoyote utazame: shingo imekazwa, kidevu kiko juu ya maji, mikono inapiga kwa nguvu, miguu imezama. Kijana wa miaka 20 anafika anakokwenda na anarudi akicheka. Mwenye kiuno kilichokakamaa hapaswi kumuiga hata kidogo.

Sababu yake haina uchawi. Mapafu yana hewa, kwa hiyo kifua huelea. Miguu ni mizito, kwa hiyo hushuka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 5, na ukikiinua juu ya maji, uzito huo lazima ulipwe upande wa pili: makalio yanazama, na wewe ni mtumbwi uliopakiwa shehena yote nyuma. Ili usizame kabisa unapiga miguu kwa nguvu huku mgongo umepinda kwa nyuma, na mpindo wote huo unaishia kwenye pingili za chini, zile zile zinazouma. Halafu unarudia kila unapovuta pumzi.

Na wala si sisi peke yetu. Johnny Weissmuller, Mmarekani aliyekuwa wa kwanza kuogelea mita 100 za mtindo huru, ule wa kulala kifudifudi na kuzungusha mikono kwa zamu, chini ya dakika moja, mwaka 1922, alikuwa akiogelea kifua na kichwa vikiwa juu na mgongo umepinda. Alichukua dhahabu 5 za kuogelea katika Olimpiki za 1924 na 1928, na watu wengi walimwiga. Leo walimu wengi wanafundisha kutazama chini, sakafu ya bwawa. Weissmuller alikuwa na mwili wa Weissmuller. Mimi na wewe tuna mwili uliokaa kwenye kiti cha ofisi au cha matatu tangu asubuhi.

Hicho kiti nacho kina mkono wake. Kuna msuli mkubwa unaoanzia kwenye pingili za kiuno, unapita mbele ya nyonga na kushikana na mfupa wa paja. Ukikaa saa nyingi umekunja nyonga, msuli huo hukaza. Sasa jitupe majini unyooke: msuli huo ukikataa kunyooka, unavuta kiuno kwa mbele na kuongeza mpindo. Ndiyo maana naona ni heri mtu atembee kwanza kwenye maji ya kifuani, apige hatua ndefu, nyonga zifunguke, ndipo alale juu ya maji. Miguu nayo ipigwe kuanzia nyongani, kwa mapigo madogo, vifundo vikiwa vimelegea. Anayepiga kwa magoti anasukuma maji kwa nguvu nyingi na kwenda mbele kidogo sana, na mgongo ndio unaolipia.

Jambo ambalo ningependa mwenye kiuno alielewe kuliko yote ni la kujigeuza. Pingili 5 za kiuno zimeumbwa kwa kuinama na kunyooka. Kujizungusha kila moja inaweza nyuzi chache tu. Katika mtindo huru mwili unalala ubavu huu na ule kila mkono unapopita. Bega na nyonga zikigeuka pamoja, kiuno hakipati habari. Lakini mtu mwenye maumivu huogopa, anakaza nyonga zisitikisike, kisha anazungusha mabega peke yake ili apate hewa. Hapo kiuno kinasokotwa katikati, na uoga uliokusudiwa kukilinda unakuwa ndio unaokiumiza. Ukitaka kujipima, omba mtu akutazame kutoka pembeni: mkono unapoingia majini, je, nyonga ya upande huo inashuka pamoja nao, au imebaki imelala tu?

Pumzi ifuate mwili. Usiinue kichwa, mwili ukilala ubavu, geuza uso kidogo, jicho moja libaki majini, vuta hewa, rudi. Na ili hilo liwezekane, hewa ya zamani lazima iwe imeshatolewa ndani ya maji, kwa mapovu. Wengi wetu tunabana pumzi chini kisha tunataka kutoa na kuvuta kwa mara moja juu, muda hautoshi, kichwa kinapanda. Naamini kabisa kwamba viuno vingi vinavyolaumiwa uzee, kwenye maji vinaonewa na pumzi. Ukisimama kwenye maji ya kifuani ukafanya mazoezi ya mapovu tu, watoto watakucheka. Wacha wacheke.

Kuna njia ya mkato ambayo pwani tunayo na hatuitumii. Wale wanaopeleka wageni kutazama samaki kwenye hifadhi ya bahari wana miwani na mirija ya kupumulia. Ukiwa na mrija, huhitaji kugeuza shingo kabisa: unalala kifudifudi, uso chini, unapumua, na kiuno kinapata nafasi ya kulegea. Kwa mgongo unaouma naupenda mrija kuliko kile kibao cha kushikilia mbele huku ukipiga miguu, ambacho mabwawa mengi humpa kila anayeanza. Kibao kinakunyanyua kifua na kichwa na kukuacha umepinda pale pale. Kuhusu lile boya dogo la kubana katikati ya mapaja, usikilize mwili wako: wengine linawapumzisha, wengine linawainua miguu mpaka mgongo ukunjike.

Bahari au bwawa? Kujifunza, bwawa, hilo silifichi, ingawa najua mabwawa mengi ya kueleweka ni ya hoteli za Nyali na Bamburi, na si kila mtu ana pesa za kiingilio. Bahari ina faida yake, maji ya chumvi ni mazito kwa kama asilimia 2.5 kuliko ya bomba, hivyo miguu inaelea vyema zaidi. Ila uchague wakati. Siku za bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakishapwa utatembea mbali juu ya mawe na mwani unaoteleza. Mteleko mmoja tu unatosha kukulaza wiki. Ingia yakiwa yamejaa au yanakaribia kujaa, upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, na uogelee sambamba na ufuo huku ukipumulia upande wa nchi kavu, ili usilazimike kuinua kichwa kutazama uko wapi. Wakati wa kusi bahari inapochafuka, mwenye kiuno atembee kando ya bahari pale Mama Ngina jioni, hajakosa kitu. Na mikondo ya hori la Tudor maji yanapotoka si mahali pa mgonjwa.

Neno moja kwa akina mama na dada, maana hili halisemwi. Dera likilowa linavuta mapaja na nyonga chini, na unaishia kupigana na kitambaa kwa kiuno. Siku hizi kuna mavazi ya kuogelea yanayobana kidogo na kusitiri mwili mzima. Hapo nguo si anasa, ni sehemu ya tiba.

Halafu kuna watu ambao ushauri wangu wote huu hauwahusu. Kama maumivu yanashuka mguuni na mguu unaishiwa nguvu, kama umepoteza hisia sehemu za siri au kati ya mapaja, kama haja ndogo au kubwa inakutoka au inakataa kutoka, bahari isubiri. Hiyo ni hospitali, na ni leo. Vivyo hivyo ukiwa umeanguka au umegongwa, au una homa pamoja na maumivu. Kwa wengine, anza na masafa mafupi, pumzika kati yake, na utoke kabla hujachoka, kwa sababu anayechoka ndiye anayezamisha nyonga. Mtindo wa chura na kipepeo viache kwanza. Vyote viwili vinapinda mgongo kwa makusudi. Kuogelea chali ni bora zaidi.

Na ukitoka majini, usipande bodaboda papo hapo. Mwili umelegea, barabara ina matuta, na dereva ana haraka zake. Tembea ufukweni kidogo, ukauke, unywe madafu.