Daraja Linalosubiri Bajeti

Kinachonikera si ubovu wa daraja lenyewe, maana zege huchakaa kama kitu kingine chochote, bali ni safari isiyokwisha ya kuliombea fedha. Kila asubuhi matatu yetu hupunguza mwendo inapolikaribia, kondakta hunyamaza, na bamba la chuma lililofunika pengo la katikati hulia kwa kishindo tunapolikanyaga. Ukichungulia pembeni, mahali palipong'olewa vyuma vya kingo, utaona nondo zimejitokeza zikiwa na kutu nyekundu.

Wakazi tuliandika barua. Ofisi ya kwanza ilitwambia twende kaunti. Kaunti ikatukumbusha, na hapo ilisema kweli, kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeziweka barabara kuu mikononi mwa serikali ya kitaifa, basi tukarudi tulikotoka na kujibiwa kwamba ombi letu litazingatiwa katika mwaka ujao wa fedha. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Julai imepita zaidi ya mara moja, na kilichoongezeka ni rangi nyeupe kwenye mawe yaliyopangwa badala ya kingo. (Nani aliidhinisha hiyo rangi, na kwa bajeti ipi?)

Wakati huohuo, tangu 2024 kila lita ya petroli hutozwa shilingi 25 za ukarabati wa barabara, kutoka 18 za awali. Mwenye matatu hulipa, nami humrudishia kupitia nauli, kisha sote tunavuka tukiwa tumeshikilia viti vya mbele.